Usiku wa Baridi Katika Uwanja wa Wenyeji: Boston, Chicago au San Francisco?

Shabiki wa besiboli anayeifuata timu yake ugenini huwa na wapinzani wawili usiku wa baridi: wenyeji waliomzunguka na upepo unaompita mgongoni. Wapinzani hao hukutana kwenye koti lake. Mtu aliyetoka hotelini na jezi ya timu yake kifuani, akijivunia rangi zake, kufikia awamu ya tatu kati ya tisa za mchezo atakuwa amezifunika kwa sweta, koti na shuka, na jirani yake hatajua tena kwamba ameketi na mgeni. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa nafuu, na wapo wanaoliona kuwa ndiyo hasara kubwa ya safari nzima, kwa hiyo swali la uwanja upi uende haliwezi kujibiwa kwa kipimajoto peke yake.

Viwanja vitatu vinavyolinganishwa hapa ni Fenway Park wa Boston, Wrigley Field wa Chicago na Oracle Park wa San Francisco. Vyote havina paa la kufunika uwanja, vyote vimo ndani ya mji, na kila kimoja kina baridi ya aina yake. Tangu msimu wa 2023, kila timu kati ya timu 30 za ligi kuu ya Marekani hukutana na nyingine zote 29 kila msimu, kwa hiyo hata ukishabikia timu gani, itafika katika kila kimoja cha viwanja hivi angalau mara moja katika miaka miwili. Asiyeipenda baridi kabisa ana njia nyingine: uwanja wa Milwaukee, kaskazini ya Chicago, una paa linalofungwa. Ila asidanganyike na paa la Seattle, ambalo hukinga mvua kama mwavuli huku pande zikiwa wazi na ubaridi ukiingia upendavyo.

Vigezo vya ulinganisho

Nimevipima viwanja vyote kwa mambo yale yale: baridi inatoka wapi na inafika lini, mahali pa kukaa, namna wenyeji wanavyompokea mtu wa timu pinzani, safari ya kurudi usiku, na jambo ambalo wasafiri wengi hawalifikirii hadi liwapate, yaani uwezekano wa mchezo kuahirishwa. Chakula nimekigusa kwa ufupi, kwa kuwa hakuna anayesafiri kilomita elfu kwa ajili ya soseji.

Jambo moja linavihusu vyote vitatu kwa usawa. Mchezo wa usiku huanza karibu saa 12:40 jioni au saa 1:00, na zamani ulizidi saa tatu. Mwaka wa 2023 mrushaji, yule anayemrushia mpigaji mpira, alianza kuwekewa saa ya kumhimiza arushe, na wastani wa mchezo ukashuka hadi takribani saa mbili na dakika 40. Kwa mtu anayetetemeka kwenye kiti cha plastiki, sidhani kama ligi hiyo imewahi kutunga kanuni yenye huruma zaidi. Zaidi ya hayo, hewa baridi ni nzito na mpira hausafiri mbali ndani yake, kwa hiyo mara nyingi alama huwa chache na usiku huwa mfupi.

Baridi na chanzo chake

Baridi ya Boston ni ya msimu. Mwezi wa Aprili joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 5 za Selsiasi, hali ambayo wakazi wa Makete, kwenye nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, wanaifahamu vizuri mwezi wa Juni, na upepo wa mashariki unapovuma kutoka Atlantiki, mchana uliokuwa na jua la kuridhisha hugeuka ghafla jioni. Lakini baridi hiyo ina mwisho. Kufikia Juni watu hukaa na mikono mifupi, na ubaridi haurudi hadi mwishoni mwa Septemba. Anayeweza kuchagua tarehe anaweza kuikwepa kabisa, na anayeufuata mtoano wa Oktoba ajue kwamba ataikuta tena.

Chicago ina kipimajoto kinachofanana na cha Boston mwezi wa Aprili, lakini ina ziwa. Wrigley Field uko mwendo wa dakika ishirini hivi kwa miguu kutoka Ziwa Michigan, ambalo maji yake bado ni ya barafu iliyoyeyuka juzi. Watabiri wa hali ya hewa wa mji huo wana kawaida ya kuonya kwamba karibu na ziwa kutakuwa na baridi zaidi, na uwanja huu umo ndani ya onyo hilo. Upepo ukitoka ziwani kuingia uwanjani, unaukabili uso wa kila mtu aliyeketi nyuma ya mpigaji, na mipira ambayo ingevuka ukuta inadondoka mikononi mwa wachezaji wanaolinda uwanja. Ukigeuka na kuvuma kuelekea nje, hadithi hubadilika na alama humiminika. Bendera zilizo juu ya ubao wa matokeo, ambao tangu mwaka 1937 hubadilishwa namba kwa mkono, ndizo za kutazama kwanza unapoingia. Zitakueleza usiku wako utakuwaje kabla mrushaji hajainua mkono.

San Francisco huwashangaza watu wengi, kwani baridi yake ni ya Julai. Maji ya kina cha bahari hupanda juu kando ya pwani ya California yakiwa baridi sana, nalo joto la mabonde ya ndani huivuta hewa hiyo ya bahari pamoja na ukungu kupitia mlango wa ghuba. Matokeo yake ni kwamba usiku wa Julai hufika nyuzi 12 hivi, sawa na usiku wa Julai wa Nairobi. Tofauti ni kwamba Nairobi haina upepo wa bahari unaopenya kwenye zipu. Mwezi wenye joto zaidi huko ni Septemba. Kwa kila mchezo wa kiangazi utawaona wageni waliokuja na kaptura wamepanga foleni dukani wakinunua sweta za timu ya wenyeji, na kwa shabiki wa timu pinzani hakuna adhabu inayozidi hiyo.

Hata hivyo Oracle Park, uliofunguliwa mwaka 2000, ulipangwa baada ya mwelekeo wa upepo kuchunguzwa, na ni kama sebule ukilinganishwa na Candlestick Park ambako Giants, timu ya mji huo, ilicheza kuanzia 1960 hadi 1999. Huko Candlestick, katika mchezo wa nyota wa Julai 1961, mrushaji Stu Miller aliyumbishwa na upepo akiwa katika hatua ya kurusha, na mwamuzi akamhesabia kosa. Miaka ya 1980 klabu ilifikia kuwapa beji maalumu mashabiki waliovumilia hadi mwisho wa michezo ya usiku iliyoingia awamu za nyongeza.

Mahali pa kukaa

Hapa ndipo pesa zako zinapoweza kukununulia joto au kukuletea majuto, na ndiyo maana napakalia zaidi.

Fenway Park ulifunguliwa Aprili 1912 na umejengwa kwa kubanana. Majukwaa yake ya zamani yana paa na viti vya mbao vilivyowekwa wakati wa ukarabati wa miaka ya 1930. Mbao hainyonyi joto la mwili kama chuma, na viti vyenyewe ni vyembamba kiasi kwamba mabega ya jirani yanakuwa sehemu ya blanketi lako. Kasoro yake ni nguzo. Baadhi ya viti viko nyuma ya nguzo zinazoshikilia paa, na tiketi huwa zimeandikwa hivyo. Mimi niliwahi kununua moja bila kusoma maandishi, nikaitazama robo tatu ya timu yangu usiku mzima. Viti vilivyowekwa mwaka 2003 juu ya ule ukuta wa kijani wa upande wa kushoto, Green Monster, wenye urefu wa mita 11, vinatamaniwa na kila mtu, lakini hapo juu hakuna kinachokukinga. Mgeni anayetaka kuwa karibu na wachezaji wake atafute viti vya upande wa bezi ya tatu, yaani kushoto ukitazama kutoka nyuma ya mpigaji, kwani ndiko liliko banda wanakokaa wachezaji wa timu ngeni.

Wrigley Field, uliofunguliwa 1914, nao una nguzo na paa. Safu za nyuma za jukwaa la chini, zilizofunikwa na jukwaa la juu, hukingwa na mvua ila hazikingwi na upepo, ambao hujipenyeza humo kama kwenye uchochoro. Safu za mbele hazina kinga yoyote, lakini kwa baridi kavu naziona bora. Nyuma ya wachezaji wanaolinda sehemu ya mbali yako mabenchi ya wazi, yasiyo na migongo wala namba za viti, ambako anayewahi ndiye anayechagua. Huko ndiko uwanja unakopata sauti yake, na ndiko baridi ya ziwa inakofikia kwanza. Mmea unaotambaa ukutani, uliopandwa mwaka 1937, huwa bado ni vijiti vya kahawia mwezi wa Aprili, kwa hiyo anayefuata picha za kijani asubiri Juni. Banda la wageni liko upande wa bezi ya kwanza, yaani kulia.

Oracle Park una viti vipana na hauna nguzo za kukuzibia macho. Jukwaa la juu lina mandhari ya ghuba isiyo na mfano, na upepo wa kulingana nayo. Jukwaa la chini, nyuma ya mpigaji, ndilo lenye hifadhi. Wageni huwa na banda lao upande wa bezi ya kwanza. Uwanja huu una pia kitu ambacho vingine havina: kando ya maji, nyuma ya ukuta wa kulia, kuna matao ambayo mpita njia anaweza kusimama na kutazama mchezo bila kiingilio, kwa kupokezana na wengine baada ya awamu chache. Ni mahali penye baridi kupita kiti chochote cha ndani, lakini hapadai senti.

Popote utakapokaa, sakafu ya saruji ndiyo mwizi mkubwa wa joto. Kipande cha boksi chini ya nyayo hufanya kazi ambayo jozi mbili za soksi haziwezi kuifanya. Shuka la Kimasai nalo, kwa uzoefu wangu, linashinda blanketi nyingi zinazouzwa viwanjani: linakunjika vizuri, halipitishi upepo kirahisi, na halina rangi za timu yoyote. Isipokuwa, bila shaka, timu yako ni ya rangi nyekundu.

Wenyeji na mgeni wao

Msomaji aliyezoea kandanda anahitaji maelezo kidogo. Katika besiboli hakuna jukwaa la wageni. Simba na Yanga wanapokutana katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, kila upande una pande zake na mtu anajua aketi wapi. Marekani unanunua kiti popote, na kushoto kwako anaweza kukaa babu mwenyeji aliyekuja uwanjani tangu utotoni. Ulinzi wako ni adabu yako na uchangamfu wa jirani.

Boston huhifadhi hasira zake kwa timu moja. Red Sox, timu ya mji huo, walimuuza nyota wao Babe Ruth kwa Yankees wa New York mwishoni mwa 1919, kisha wakangoja hadi 2004 ndipo wakatwaa tena ubingwa, na kumbukumbu hiyo haijalala. Shabiki wa Yankees atataniwa kuanzia getini hadi chooni. Mashabiki wa timu nyingine hupokewa kwa udadisi tu, na ukibanwa katika viti vile vyembamba mtaishia kuzungumza.

Chicago ina desturi yake. Mchezaji wa timu ngeni akipiga mpira ukaingia kwenye mabenchi ya wazi, aliyeudaka hutarajiwa kuurudisha uwanjani kwa kuutupa, na halaiki humpigia kelele hadi afanye hivyo. Ukiudaka wewe, mgeni, utakuwa na uamuzi mgumu wa sekunde tano. Kwa jumla ni utani wenye bia nyingi ndani yake. Wapinzani wa jadi ni Cardinals wa St. Louis, ambao hufika kwa wingi, kwa hiyo shabiki wao hawi mpweke.

San Francisco ni mpole kwa karibu kila mtu isipokuwa Los Angeles. Giants na Dodgers, timu ya Los Angeles, walihama pamoja kutoka New York kwenda California kabla ya msimu wa 1958 na wakahama na ugomvi wao. Usiku timu hizo zinapokutana, jezi ya Dodgers huzua kelele za umati mzima. Kelele si tatizo. Lakini lazima isemwe kwamba ugomvi huu umewahi kumwaga damu nje ya viwanja, kama mwaka 2011 shabiki wa Giants alipopigwa vibaya katika maegesho ya magari huko Los Angeles. Ndani kuna walinzi wa usalama. Ni njiani, gizani, baada ya bia, ambako koti lililofungwa hadi shingoni lina faida mbili.

Kwa anayetaka kuonekana bila kujali yote hayo, anunue jezi kubwa kuliko mwili wake na aivae juu ya koti. Si nadhifu, lakini rangi zinabaki nje.

Mvua na kuahirishwa

Kwa mgeni, mchezo ulioahirishwa ni msiba ambao mwenyeji hauelewi. Mwenyeji hupewa nafasi katika tarehe mpya na kurudi nyumbani. Tarehe hiyo inaweza kuwa miezi miwili mbele, wakati wewe umesharudi kwenye kazi yako umbali wa safari ya ndege. Boston na Chicago hupata mvua, na hata theluji, mwezi wa Aprili, na kuahirisha ni jambo la kawaida. San Francisco karibu hainyeshi kabisa kuanzia Juni hadi Septemba. Hapo baridi ni hakika, lakini mchezo nao ni hakika. Anayekwenda Boston au Chicago mapema achague mfululizo wa michezo mitatu na abaki siku zote, ili usiku mmoja ukiharibika asalie na mwingine.

Kurudi usiku

Chicago inashinda kwa urahisi katika jambo hili: kituo cha Addison cha njia nyekundu ya treni kiko hatua chache kutoka uwanjani, na njia hiyo hutembea saa 24. Boston, kituo cha Kenmore kiko karibu vilevile, lakini treni hukoma baada ya usiku wa manane, na anayelala kwa ndugu zake Lowell, ambako Wakenya ni wengi, lazima abadilishe treni na kuangalia ratiba ya mwisho. San Francisco una kituo cha treni za kusini, hadi San Jose, kwa mwendo mfupi wa miguu, na siku za mchezo kuna vivuko vya kuvuka ghuba. Kivuko kinapendeza, kaeni ndani.

Kuhusu vinywaji na chakula, vyote vitatu vinauza kakao ya moto. Boston kuna supu nzito ya kome, San Francisco chipsi za kitunguu saumu ambazo harufu yake hukusindikiza hadi asubuhi, na Chicago soseji katika mkate ambayo wenyeji wanaona ni dhambi kuipaka tomato sosi. Asiyekula nguruwe aulize kabla ya kulipa.

Kwa kuzingatia hali yako

Mwenye safari moja tu kwa mwaka, tiketi ya ndege isiyobadilishwa na usiku mmoja wa nafasi, ana sababu nzuri ya kwenda San Francisco kati ya Juni na Septemba, akiwa na koti la kweli na kiti cha chini nyuma ya mpigaji. Kama timu yake ni Dodgers, aende na wenzake na aondoke pamoja nao.

Anayetaka historia na joto la watu, na hana haraka, atafurahia Fenway chini ya paa, akisoma tiketi kuhusu nguzo. Wanaokuja Boston kumshangilia ndugu katika mbio za marathoni za Jumatatu ya tatu ya Aprili wanaweza kuunganisha safari hizo mbili. Siku hiyo yenyewe Red Sox hucheza asubuhi, na wakimbiaji hupita Kenmore, karibu kabisa na uwanja, kwa hiyo wa usiku watafute tarehe ya siku za jirani.

Aliyekuja kuonekana na kusikika, mwenye ngozi ngumu kwa utani na kwa upepo, mabenchi ya wazi ya Chicago yanamfaa, na hatakuwa na wasiwasi wa kukosa treni. Asiyependa kutaniwa aketi upande wa bezi ya kwanza, karibu na timu yake. Asiye na uhakika hata kama mchezo huu unamvutia aanze kwenye matao ya San Francisco.

Na kama unamleta mzazi aliyekuja kukutembelea kutoka nyumbani, au mtoto mdogo, mlango mwingine uko Chicago. Wrigley haukuwa na taa hadi Agosti 1988, na hadi leo idadi ya michezo yake ya usiku imewekewa kikomo na mji, kwa hiyo mingi huanza saa 7:20 mchana. Kata tiketi za safu za mbele, zenye jua. Baridi ikimzidi mgeni wako katika awamu ya tano, mtatoka wakati bado ni mchana na kikombe cha kakao kingali na joto mkononi.